Banjo Iliyosikia Baridi

Bendi nyingine zikifika kwenye tamasha huuliza soketi iko wapi. Bendi ya jirani yetu Mpigaji iliuliza mahali pa kuwashia jiko.

Ngozi ya banjo yake ilikuwa ya mbuzi, na ngozi ya mbuzi ikiingiwa na ukungu wa Meru hulegea. Ukiipiga wakati huo inatoa sauti ya mtu anayeongea ndani ya blanketi. Ukiileta karibu na makaa, ukaigeuza polepole, inajikaza yenyewe na sauti inarudi, safi, kali kidogo, kama maji ya mfereji wetu asubuhi. Kwa hiyo kila waliposhuka mlimani kwenda kupiga mjini, kati ya vyombo vyao kulikuwa na jiko la mkaa lenye mguu mmoja uliopinda. Watu wakawaita Bendi ya Jiko. Walikuwa na jina lingine, la heshima, lililopakwa rangi ubavuni mwa sanduku la besi, lakini halikushika.

Nakumbuka tamasha moja karibu na Daraja Mbili. Mlinzi kijana aliwasimamisha nyuma ya jukwaa.

"Mzee, hapa hawachomi mahindi."

"Hatuchomi mahindi," alisema Mpigaji.

"Sasa jiko la nini?"

"La banjo."

Mlinzi akawatazama mmoja mmoja. "Banjo inakula ugali?"

"Inakula moto, baba," mke wa Mpigaji akajibu. Alikuwa ameshachutama anapepea makaa kwa kipande cha boksi. "Sogea kidogo usije ukaunguza suruali ya kampuni."

Mlinzi alisogea, na baada ya muda nilimwona amechutama nao, mikono ameinyoosha juu ya makaa, maana ilikuwa Julai na Arusha ya Julai tunaijua. Mpigaji aligeuza banjo juu ya moto, akaigonga katikati kwa ukucha wa kidole cha kati, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Bado," alisema.

Jukwaani mshereheshaji alikuwa ameshawaita, akawaita tena, na sasa alikuwa anasimulia vichekesho ili kujaza muda. Mpigaji hakuinua macho. Aligeuza, akagonga. "Bado." Mpiga sanduku la besi, rafiki yake tangu ujana wao, alinikonyeza na kuninong'oneza kwamba siku ya hukumu malaika watapiga tarumbeta, na huyu atasema bado. Kisha Mpigaji aligonga mara nyingine na hakusema neno. Alisimama tu, akaelekea kwenye ngazi, na wenzake wakamfuata kama watu wanaofuata mchungaji kuingia kanisani.

Alikuwa na jina, kama kila mtu, lakini upande wetu wa mlima halikutumika. Sisi tulikaa juu ya barabara ya kwenda Momela, na shamba letu na lake yalitenganishwa na mstari wa mimea ya masale tu, hivyo nimekua nikimsikia kabla sijajua kwamba kuna watu wanaoishi bila kumsikia. Mama yangu alimwita Mpigaji, mchungaji alimwita Mpigaji, hata hati ya wito wa mkutano wa kijiji iliwahi kuja imeandikwa hivyo hivyo, na akaenda.

Banjo yenyewe alikuwa ameitengeneza kwa mikono yake. Duara lake lilikuwa sufuria iliyokatwa kitako. Shingo ilikuwa ya mti wa mringaringa, imeng'aa pale kidole gumba kilipopita. Nyuzi mbili zilitoka kwenye waya wa breki wa baiskeli, na nyingine alizinunua mjini, na alikuwa akisema zile za baiskeli ndizo zinazojua njia. Pembeni mwa ngozi, upande wa chini, kulikuwa na doa jeusi la mviringo. Hilo lilikuwa la mkewe. Kati ya wimbo na wimbo mama yule alikuwa na tabia ya kuweka kidole gumba pale, kupima kama ngozi ina joto bado, jinsi mtu anavyompima mtoto homa. Mafuta ya mkono, moshi na miaka vilikusanyika mahali pamoja, vikawa doa.

Mpigaji hakuimba. Ilisemwa alijaribu mara moja, wakiwa wachumba, na mkewe akamwomba kwa upendo asirudie. "Mungu alitugawia," alikuwa akituambia. "Mimi vidole, yeye koo. Angenipa vyote ningekuwa na haja gani ya kuoa?" Mkewe akisikia hivyo humpiga kwa kanga begani. Wimbo wao ambao watu waliuomba kila mahali ulikuwa wa mtu anayerudi nyumbani kwenye ukungu:

*Niwashie moto, nimefika mferejini,*
*mabega yangu yamelowa, mlango uache wazi.*

Yule mama aliuimba kwa sauti nyembamba isiyojionyesha, akitazama chini, na banjo ilikuwa ikimtangulia hatua moja na kumngoja, ikimtangulia na kumngoja. Nimeona uwanja mzima wa vijana waliokuja kwa ajili ya wasanii wa bongo fleva ukinyamaza. Nimeona wauza karanga wakisimama na ndoo zao kichwani. Mpiga sanduku akivuta ile kamba yake moja, sauti ilitoka ardhini na kupanda kwenye miguu ya mtu, na mwishoni, kabla watu hawajapiga makofi, kulikuwa na kimya kifupi ambacho naamini ndicho Mpigaji alichokuwa akikitafuta. Makofi yakianza, yeye alikuwa tayari anaifunika banjo kwa sweta.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Alitukemea sote kwa haraka zetu, lakini hakuweza kungoja chai ipoe, aliimwaga kwenye kisosi na kuinywa ikiwa bado inafuka. Alikataza mtu kumrekodi kwa simu. "Mkitaka kusikia njooni, nyumba mnaijua." Lakini redio yake mwenyewe ilikuwa imetundikwa kwenye mgomba ikiimba siku nzima wakati anapalilia kahawa. Alikuwa mzee wa kanisa aliyesinzia kila mahubiri, kidevu kifuani, na ibada ikiisha alikuwa akimfuata mwinjilisti na kumwambia taratibu ni mstari upi ameusoma vibaya. Mtu akimsifu alibadilisha habari, akaulizia ng'ombe wa huyo mtu. Na kama huyo mtu hakuwa na ng'ombe, aliuliza kwa nini.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha, nalo lilikuwa sadaka.

Kwetu sikukuu ya mavuno ni siku kubwa. Watu huleta kanisani walichovuna: mikungu ya ndizi, debe la mahindi, mayai kwenye kikapu, jogoo aliyefungwa miguu anayewika katikati ya sala. Baada ya ibada vyote hunadiwa pale uwanjani, na mara nyingi mtu akinunua kitu hakichukui. Husimama na kusema anampa nani: mjane fulani, wanakwaya, mgeni. Kitu kinaweza kununuliwa asubuhi na kuzunguka mikononi mwa watu hadi jioni. Bendi ya Jiko ndiyo iliyopiga wakati wa mnada huo, na bei zikisita Mpigaji aliongeza kasi kidogo, na wanaume wakajikuta wameinua mikono.

Mwaka ambao mkewe alifariki, Mpigaji hakulima. Magugu yalifika kiunoni. Mavuno yalipofika hakuwa na mkungu hata mmoja wa kupeleka, maana ni yule mama aliyekuwa akipanga sadaka yao, akichagua mayai na kuyafuta moja moja. Tulidhani hatakuja. Alikuja, amevaa koti, akapita katikati ya kanisa akiwa ameibeba banjo kwa mikono miwili, akaiweka madhabahuni kati ya maboga. Mchungaji alimwinamia akasema jambo. Yeye alitikisa kichwa akarudi kukaa.

Mnada ulipofikia banjo, mnadishaji hakujua aanzie wapi. Mama yangu ndiye aliyenyoosha mkono. Hakuna aliyeshindana naye. Alisimama, akaishika banjo ile kwa kanga ili asiiguse vibaya, akasema, "Nampa mwenyewe, atupigie."

Mpigaji aliipokea. Jiko lilikuwa limewashwa na mpiga sanduku, ambaye tangu siku hiyo alichukua kazi ya kupepea makaa, akiifanya vibaya na kulalamika moshi. Mpigaji akapasha, akagonga, akasema bado, akagonga. Kisha akaupiga ule wimbo wa mfereji. Ulipofika mahali pa sauti ya mkewe alipunguza, akaiacha banjo iende peke yake kwa vidole viwili, ikitangulia na kungoja, kana kwamba mtu yuko pale. Hakuna aliyethubutu kuimba. Wanawake walishika vichwa vya watoto wao.

Ikawa desturi. Kila mavuno aliipeleka banjo madhabahuni, kila mavuno mtu aliinunua, na kila mnunuzi alisema maneno yale yale ya mama yangu. Watoto wadogo waliyajua, wakayasema pamoja na mnunuzi. Mimi niliwahi kumuuliza kwa nini asilete ndizi kama watu wengine, sasa shamba lilikuwa limerudi.

"Ndizi zitaota nyingine," alisema. "Sadaka ni ile ambayo ukiiacha pale mbele tumbo linakuuma."

"Lakini wanakurudishia."

"Hilo ni lao. Mimi nikiiweka nimeiweka."

Nilimwamini. Nadhani sote tulimwamini, na ndiyo sababu yaliyofuata yalikwenda kama yalivyokwenda. Ila mama yangu alikuwa na jicho. Alisema mtazame baada ya kurudishiwa, anavyopiga. Na kweli, siku hizo alipiga hadi jua lilipozama, bila kuomba maji, mabega yamelegea, kama mtu aliyetoka kwa daktari na majibu mazuri.

Mwaka mmoja tulikuwa na mgeni kutoka ng'ambo, mzee mmoja mpole wa kanisa rafiki, aliyetabasamu kila kilipotokea kitu kwa sababu hakuelewa lugha. Aliketishwa mbele, akavishwa mgolole. Na alikuwepo kijana wetu mmoja aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Nasema kijana, alikuwa na mvi tayari, lakini aliondoka kijijini zamani, kabla ya msiba, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kula mavuno nyumbani baada ya miaka mingi. Alikuwa na furaha mno. Alinunua jogoo akawapa wanakwaya. Alinunua maboga akawapa wajane. Alikuwa mkarimu kweli kweli, nataka hilo lieleweke.

Banjo ilipopandishwa aliinua mkono kabla ya wote, na sisi tulifurahi, tukaona mwenzetu amerudi nyumbani. Watoto walishafungua midomo.

"Hii," alisema, amesimama, sauti imejaa, "ni mikono ya wazee wetu. Namzawadia mgeni wetu, akaitundike kwao, watu wa huko wajue sisi ni nani."

Watoto walifunga midomo. Jogoo aliwika mahali fulani. Mpiga sanduku alianza kuinuka, na nilimwona Mpigaji akimshika koti kwa nyuma, akamrudisha kwenye benchi. Kisha yeye mwenyewe alisimama, na alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Alipiga makofi akitutazama, safu kwa safu, mpaka sote tukapiga. Mgeni akaipokea banjo, ameilaza mkononi kama mtoto mchanga, na kidole chake gumba kikatua karibu kabisa na lile doa. Akasema asante sana, asante sana. Hayo ndiyo maneno aliyoyajua.

Mnada uliendelea. Jiko lilikuwa limeshawashwa pale pembeni, likawaka peke yake hadi likazimika.

Yule kijana aliambiwa desturi ile na wanawake waliokuwa wakipakua pilau. Aliweka sahani chini bila kula. Alasiri hiyo hiyo alikuja nyumbani kwa Mpigaji na jani la sale mkononi, lenye kipande cha shina lake, na kwetu mtu akikujia na jani la sale kuomba msamaha humfukuzi. Mama na mimi tulikuwa pale, pamoja na mpiga sanduku.

"Baba, nimekukosea. Sikujua."

"Hujanikosea," Mpigaji alisema, akalipokea jani. "Wewe ulinunua, ukatoa. Mimi nilishatoa kabla yako."

"Mgeni yuko mjini hadi kesho kutwa. Naweza kwenda sasa hivi. Nitamweleza, ni mtu mwelewa. Nitamnunulia kinyago kikubwa, atafurahi zaidi."

"Usithubutu."

"Baba..."

"Kile kitu nilikiweka madhabahuni kwa mikono yangu. Mtu harudi madhabahuni kudai. Ningekuwa nimewafundisha nini hawa miaka yote?"

"Hawa hawajakuomba kufundishwa," mpiga sanduku alidakia. "Mimi nachukua bodaboda. Wewe kasirika utakavyo."

"Ukienda, usinisalimie tena."

Alisema hivyo bila kupaza sauti, na mpiga sanduku, ambaye hakuwahi kumtii mtu yeyote akiwemo mkewe, alikaa. Mama yangu aliuliza, "Una hakika, baba?" Mpigaji akasema ana hakika, akaomba chai. Ilipokuja hakuimwaga kwenye kisosi. Aliishika kikombeni mpaka ikapoa.

Siku iliyofuata tulimsubiri abadilishe mawazo. Mama alipita kwenye masale mara kadhaa akisingizia chumvi. Mchungaji alikuja akaongea naye uani, akaondoka akitikisa kichwa kwa heshima. Yule kijana alikaa kwenye gari lake barabarani, funguo mkononi, tangu asubuhi hadi ng'ombe waliporudi. Mpigaji alipalilia. Redio haikuwepo mgombani. Kesho yake mgeni alipanda ndege, na lile jani la sale ambalo Mpigaji alikuwa amelichomeka udongoni kando ya mlango likashika mizizi na kuota, kama masale yanavyoota popote.

Vijana wa usharika walichanga wakamnunulia banjo nyingine dukani, nyeupe, yenye ngozi ya plastiki na skrubu zinazong'aa. Walimpelekea wakiimba. Aliitazama pande zote, akapatanisha nyuzi zake, akapiga ubeti mmoja wa wimbo wa kitabuni, akawashukuru vizuri sana. Walipoondoka alinikabidhi nimshikie.

"Nzuri," nilisema.

"Nzuri. Haisikii baridi." Alipitisha kiganja juu ya ile plastiki. "Kitu kisichosikia baridi utakipashaje?"

Walikwenda nayo mjini mara moja, kwenye lile tamasha la Julai. Hawakubeba jiko, hapakuwa na haja. Walifika, wakaitwa, walikuwa tayari. Nyuma ya jukwaa Mpigaji alisimama ameshika banjo yake nyeupe, na nilimwona akichutama polepole mahali ambapo jiko lingekuwa, kisha akakumbuka, akasimama. Mlinzi yule yule, sasa amenenepa kidogo, alimjia amechangamka.

"Shikamoo mzee. Leo jiko liko wapi? Nimekuja kuota moto."

"Marahaba. Leo hatukulileta."

"Na mama yule wa suruali ya kampuni?"

Mpigaji alimshika bega. "Naye hatukuja naye," alisema, akapanda ngazi.

Walipiga vizuri. Sauti ilikuwa kubwa kuliko ya zamani, ilifika hadi nje ya geti. Wimbo wa mfereji ulipofika mahali pa sauti ya mkewe hakupunguza, alipiga moja kwa moja hadi mwisho, kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyowahi kukaa na hataki kutazama. Watu walishangilia. Walipotoka mpiga sanduku alikata ile kamba yake kwa kisu na kuisokota mfukoni. Hawakupiga tena.

Tulimzika Mpigaji mwaka uliofuata, kando ya mkewe, chini ya kahawa. Mpiga sanduku aliulizwa kama anataka kusema neno, akasema bado, na wengine walicheka huku wakilia. Lakini sitaki kumwacha kaburini. Nataka kumwacha Lemara, pale mjini, kwa binti yake, mahali nilipomwona mara ya mwisho.

Binti yake alikuwa amemchukua kwa sababu ya kifua. Nyumba ilikuwa nzuri, ya tofali, yenye veranda inayotazama mlimani, ila siku hizo mlima hauonekani, kuna weupe tu mahali unapotakiwa kuwa. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, amefunikwa shuka la kimasai juu ya koti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea."

"Nipo. Mama amekuletea loshoro."

"Ameweka maziwa ya kutosha au ameniwekea ya wagonjwa?"

"Onja kwanza."

Alionja ule mseto wa mahindi na maziwa mgando, akasema ya wagonjwa, akala yote. Aliniuliza habari za kahawa yake, za mfereji, za lile sale la mlangoni. Nilimwambia limekuwa refu, limefika dirishani. Alikwangua ukingo wa bakuli kwa kijiko.

"Yule bwana wa Dar anakuja kuniona," alisema. "Kila akija mjini. Ananiletea dawa. Anakaa hapo ulipokaa wewe, hasemi kitu."

"Anajisikia vibaya kwa ile banjo."

"Najua. Na mimi sijamwambia." Aliweka bakuli chini. "Kila mwaka, mwanangu, nilipokuwa naiweka pale mbele, tumbo halikuniuma."

Nilitazama bakuli lile tupu.

"Mwaka wa kwanza, ndiyo. Mama yako aliponirudishia, basi. Miaka iliyofuata nilijua itarudi. Nilikuwa napita katikati ya kanisa na koti langu, watu wananitazama, na moyoni nahesabu tu mpaka nitakaporudishiwa. Nikawa mhubiri wa sadaka ambayo sijaitoa. Halafu siku moja ikachukuliwa kweli. Ningesema nini? Ningesema jamani, nilikuwa natania?"

"Tungeelewa, babu."

"Mngeelewa. Ndiyo aibu yenyewe." Alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Siku ile niliwakataza nyote. Nikamkataza yule, nikamkataza rafiki yangu, nikamkatalia mchungaji. Na siku nzima nikawa napalilia huku natazama barabarani. Gari liliposimama pale chini nilisema, anakwenda. Jioni likawa bado lipo." Alinitazama, na macho yake hayakuwa na lawama, ndiyo maana yaliniumiza. "Nilitegemea mtu mmoja asinisikilize."

Binti yake alitoka na jiko, akaliweka kati yetu kwenye sakafu ya veranda, akarudi ndani kufunika mboga. Lilikuwa lile lile, nililijua kwa mguu uliopinda. Mpigaji alitoa mikono ndani ya shuka na kuinyoosha juu ya makaa. Akaigeuza, viganja chini, viganja juu, polepole, kwa mwendo ninaoujua. Kisha akagonga goti lake kwa ukucha wa kidole cha kati na kuinamisha kichwa.

Hakusema bado. Alisikiliza tu, kwa muda mrefu, akarudisha mikono motoni.

Kulikuwa kunaanza kuingia giza na mvua nyembamba ilikuwa imeshashuka kutoka upande wa mlima. Nilisimama, nikachukua bakuli na mkoba wangu.

"Nenda," alisema. "Nenda sasa, usije ukakosa gari. Mimi niko salama, usikae kwa ajili yangu."

Nilifika kwenye ngazi ya veranda. Nikarudi, nikaweka mkoba chini, nikavuta stuli nikakaa.

Baada ya muda Mpigaji aliweka kisigino cha kiatu chake kwenye ule mguu uliopinda na kulisogeza jiko, kidogo, upande wangu.